Bambo Lichomwe Wapi? Kipimo cha Saikolojia na Watu Wanaopimwa

Wanunuzi wa nafaka wana kifaa kiitwacho bambo: kipande cha bati chenye ncha kali na mfereji katikati, kinachochomwa kwenye gunia la mchele na kutoka na punje chache. Mnunuzi hamwagi gunia zima sakafuni. Hutazama punje zilizomo kiganjani mwake, akaamua kama atanunua na kwa bei gani. Lakini mnunuzi mzoefu hachomi mdomoni mwa gunia tu, kwa kuwa anajua mchele mzuri huwekwa juu. Huchoma juu, kati na chini, tena katika magunia aliyoyachagua yeye, wala si yale anayosogezewa na mwenye duka. Katika kazi hiyo ya dakika moja kuna mambo mawili ambayo vitabu vya saikolojia na utafiti huyaweka katika sura zilizo mbalimbali: sifa za kipimo kizuri, na mbinu za kuteua sampuli. Mwanachuo wa ualimu au uuguzi hukariri sura ya kwanza, yaani uthabiti, uhalali, usanifishaji, kutopendelea na wepesi wa kutumika. Kisha hukariri ya pili, yaani sampuli nasibu, tabakishi, ya vishada, ya mkufu. Hufaulu mtihani bila kuambiwa kuwa amesoma jambo moja mara mbili. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha hapa. Kipimo cha saikolojia chenyewe ni sampuli, na kila sifa nzuri tunayokisifia ni sifa ya namna sampuli hiyo ilivyochukuliwa. Anayeuliza kama kipimo ni kizuri bila kuuliza kilijaribiwa kwa akina nani ameuliza nusu ya swali.

Tuchukue kipimo kimoja kinachotumika sana katika kliniki za leo. PHQ-9 ni hojaji ya maswali tisa ya kuchunguza sonona, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Mgonjwa huulizwa ni mara ngapi, katika majuma mawili yaliyopita, amekosa hamu ya kufanya mambo, amejisikia mnyonge, amelala vibaya, amechoka, amekosa hamu ya chakula au kula kupita kiasi, amejiona hafai, ameshindwa kutuliza akili, amekuwa mzito wa mwendo au kuhangaika kupita kawaida, na amewaza kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ni 27, na anayefika 10 huhesabiwa kuwa mtu wa kuchunguzwa zaidi. Hojaji hii ni fupi, haina malipo, muuguzi huimaliza kwa dakika chache, na imefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Ukiitazama kwa jicho la mnunuzi wa mchele, utaona bambo limechomwa mara tatu. Maswali tisa ni punje chache kutoka katika maisha yote ya mtu mwenye sonona. Majuma mawili ni punje chache kutoka katika siku zake zote. Na wale waliojaribiwa kabla kipimo hakijatolewa kwa ulimwengu ni punje chache kutoka miongoni mwa wanadamu.

Sifa inayotajwa kwanza ni uthabiti: kipimo kirudie kutoa jibu lile lile ikiwa kinachopimwa hakijabadilika. Mizani inayosema kilo 50 asubuhi na 58 jioni kwa gunia lile lile haifai sokoni. Lakini kwa nini alama za mtu huyumba? Huyumba kwa sababu maswali ni machache kuliko jambo lenyewe, na siku ya kupimwa ni moja kati ya nyingi. Ndiyo maana Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha mwaka 1910 kwamba kipimo kikirefushwa kwa maswali ya aina ile ile, uthabiti wake hupanda kwa kiasi kinachoweza kukokotolewa. Ni kanuni ile ile ya kuchoma gunia mara nyingi zaidi. Lee Cronbach, ambaye kipeo chake cha uthabiti cha mwaka 1951 hutajwa karibu katika kila tasnifu, aliendelea hadi mwaka 1972 akatoa na wenzake nadharia inayosema waziwazi kuwa alama moja ni sampuli kutoka katika maswali yote yaliyowezekana, siku zote zilizowezekana, na wapimaji wote waliowezekana. Inasikitisha kwamba tasnifu zetu zimekichukua kipeo na kuiacha nadharia, kwani kipeo peke yake hudanganyika kirahisi. Mtafiti akiuliza swali moja kwa maneno matano tofauti, majibu yatakubaliana vizuri sana na kipeo kitapanda, ingawa amechoma bambo mahali pamoja mara tano. Na siku nazo ni sampuli. Muulize mtu wa Mombasa au Unguja katika juma la tatu la Ramadhani kuhusu usingizi wake, chakula chake na uchovu wake wa majuma mawili yaliyopita: maswali matatu kati ya tisa yamekwisha kuguswa na kalenda kabla ugonjwa haujaguswa.

Uhalali ni sifa nzito zaidi, na hapa ndipo makosa makubwa ya historia yalipotendeka. Uthabiti huuliza kama bambo limechomwa mara za kutosha, uhalali huuliza kama limechomwa katika gunia lenyewe. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa Paris mazoezi 30 kwa kazi iliyo wazi: kuwatambua watoto wa shule wanaohitaji msaada wa pekee katika masomo. Ilikuwa kazi ndogo, na waliijua mipaka yake. Miaka 12 baadaye Marekani iliingia vitani, na kikundi cha wanasaikolojia chini ya Robert Yerkes kikawapima wanajeshi wapatao milioni 1.7. Waliosoma Kiingereza walipewa kipimo cha Alfa, wasiokisoma walipewa cha Beta, chenye picha zenye kasoro ya kujazwa. Mwanajeshi alitakiwa aone kuwa uwanja wa tenisi hauna wavu, kuwa gramafoni haina pembe yake ya sauti, kuwa taa ya umeme haina uzi ndani. Kijana aliyetoka kijiji cha Sisilia ambako hakukuwa na umeme wala tenisi alihesabiwa kuwa na akili ndogo. Mwanasaikolojia Carl Brigham alizichambua takwimu hizo katika kitabu cha mwaka 1923 akawapanga wahamiaji kwa mataifa yao. Takwimu zake zilionyesha kuwa kadiri mhamiaji alivyokaa Marekani miaka mingi ndivyo alama zake zilivyopanda, jambo ambalo lingemfanya mtu mwingine aone kuwa kipimo kinapima mazoea ya nchi. Yeye alisema wahamiaji wa karibuni ni dhaifu kuliko waliotangulia. Mwaka 1930 aliyakana mahitimisho yake hadharani, na astahili heshima kwa hilo. Kumbuka kuwa waliopimwa walikuwa karibu milioni mbili. Wingi wa watu haukuokoa chochote, kwa kuwa kosa lilikuwa katika sampuli ya maswali.

Turudi kwenye zile alama 10. Inaposemwa kwamba kikomo hicho kinawanasa wenye sonona 88 kati ya 100, na kinawaacha salama wasio nayo 88 kati ya 100, kauli hiyo ina chimbuko linaloweza kuhesabiwa. Wagonjwa 6,000 walijaza hojaji katika kliniki 15 za Marekani, nane za tiba ya kawaida na saba za wanawake na uzazi. Kati yao 580 walihojiwa na mtaalamu wa afya ya akili ili majibu yalinganishwe. Kati ya hao 580, waliokutwa na sonona kamili walikuwa 41. Basi ile 88 kwa 100 ni kama watu 36 kati ya 41, na kwa hesabu ya kawaida ya makosa ya sampuli ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 75 na 95. Sisemi hivi kuishusha kazi ya watu makini. Mwaka 2019 uchambuzi uliounganisha tafiti 58 zenye washiriki zaidi ya 17,000 ulikuta namba zilizo karibu sana na hizo pale PHQ-9 ilipolinganishwa na mahojiano ya kina ya mtaalamu, na namba za chini zaidi pale ilipolinganishwa na mahojiano ya maswali yaliyofungwa. Ninachosema ni kwamba uhalali haukuandikwa kwenye karatasi ya maswali. Uliandikwa na watu waliochaguliwa, pamoja na aina ya mahojiano waliyofanyiwa, na ukibadilisha chochote kati ya hivyo viwili, namba nayo hubadilika.

Hata ukiikubali 88 kama ilivyo, watu wanaopimwa bado wana neno la mwisho. Chukua wagonjwa 1,000 ambao kati yao 70 wana sonona, uwiano ule ule wa wale 580. Hojaji itawanasa kama 62 kati ya 70. Lakini kati ya 930 wasio na sonona, 12 kwa 100 watapita alama 10 pia, yaani kama 112. Watu 174 wamepewa alama ya hatari, na wenye ugonjwa ni 62, zaidi kidogo ya theluthi moja. Ipeleke hojaji hiyo hiyo kwa kundi ambalo nusu yao wana sonona, na karibu kila tisa kati ya kumi watakaopita alama 10 watakuwa wagonjwa kweli. Maswali hayajabadilika hata neno moja. Wizara ikitangaza kuwa asilimia fulani ya wananchi wana sonona kwa kuhesabu tu waliopita 10, imechanganya gunia la waliopita alama na gunia la wagonjwa, na magazeti yatabeba namba hiyo kwa miaka.

Ndipo tunapofika kwenye mbinu za kuteua watu, ambazo mara nyingi hufundishwa kama orodha ya majina. Msingi wake ni mmoja: kila mtu wa kundi linalozungumziwa awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sampuli nasibu sahili hutimiza hilo kwa bahati nasibu, sampuli tabakishi huhakikisha kwanza kuwa kila tabaka lina watu wake, na Jerzy Neyman alieleza mwaka 1934 kwa nini hiyo inashinda kuchagua kwa macho ya mtafiti. Sampuli ya vishada huchagua maeneo kwanza, kisha kaya, kisha mtu, kwa kuwa hakuna mwenye orodha ya wananchi wote. Katika nchi zetu hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo. Uwezo, mradi ulioanza mwaka 2009 Tanzania, Kenya na Uganda, ulipima kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, na uamuzi wake mkubwa haukuwa katika maswali. Ulikuwa katika mlango uliobishwa. Watoto walipimwa nyumbani, katika kaya zilizochaguliwa kwa nasibu ndani ya vijiji na mitaa iliyochaguliwa kwa nasibu, ili asiyekwenda shule, mtoro na aliyeacha wote wahesabiwe. Mtihani wa darasa la saba hupima waliofika darasa la saba. Nchi inaweza kujisifu kwa matokeo hayo huku walioanguka njiani hawaonekani popote. Vivyo hivyo Sauti za Wananchi, programu ya shirika la Twaweza, ilipotaka kuwauliza Watanzania kwa simu, haikupiga namba ilizokuwa nazo. Iliteua kaya kwanza, ikazipa simu na chaja za sola, kwa sababu wenye simu si nchi nzima. Kwa watu wanaojificha, kama wanaojidunga dawa za kulevya, hakuna orodha ya kaya itakayosaidia. Hapo mtu mmoja humleta mwenzake, kama pete za mkufu, na Douglas Heckathorn alionyesha mwaka 1997 jinsi ya kupunguza upendeleo wa njia hiyo.

Kuna anayesema sampuli ikiwa kubwa ya kutosha kasoro hizi hufutika. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 kwa Wamarekani, likapata majibu zaidi ya milioni mbili, na kutabiri kuwa Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Majina yalikuwa yametoka katika orodha za wenye simu na magari, na waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. Watu 2,400 walioteuliwa kwa nasibu hukosea kwa asilimia mbili hivi kwenda huku au huku, na kwa hesabu hiyo haijalishi sana kama nchi ina watu milioni sita au sitini. Saikolojia yenyewe haijajifunza hilo vya kutosha. Jeffrey Arnett alipohesabu mwaka 2008 washiriki wa tafiti zilizochapishwa katika majarida sita makubwa ya Marekani, alikuta 96 kwa 100 wametoka nchi za Magharibi, zenye kama 12 kwa 100 ya wanadamu. Vipimo vingi tunavyoletewa vimetokana na gunia hilo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kila kipimo ni cha watu wake, basi kila kabila litahitaji chake, na hatutaweza tena kulinganisha chochote. Naliheshimu pingamizi hili, na jibu lake haliko katika nadharia pekee. Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Walipotumia waya, ambao watoto wa Lusaka huutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia walishinda. Walipotumia udongo, walilingana. Ulinganisho haukufa, ulipata maana, kwa kuwa sasa tunajua uwezo wa kunakili umbo ni mmoja na mazoea ya mikono ni mengine. Usenge, kando ya Ziwa Nyanza nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya dawa za miti shamba wanazozijua na kuzitumia. Waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule. Mtu aliyeleta kipimo cha msamiati peke yake angetoka na orodha ya wenye akili iliyopinduka, na kipeo chake cha uthabiti kingekuwa safi. Aliyepanua sampuli ya maswali ndiye aliyeweza kuwalinganisha watoto wale kwa haki.

Lugha nayo huchagua punje. Tafsiri ya kwenda na kurudi, ambapo mfasiri wa pili hurudisha maswali katika lugha ya kwanza bila kuona asili, huhakikisha maneno yamevuka. Haihakikishi kuwa maswali yanayokosekana yameongezwa. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyelemewa husema ana mawazo, na jirani huelewa papo hapo kuwa jambo ni zito, ingawa nje ya lugha yetu neno hilo lingesikika kama sifa ya mtu mwerevu. Katika PHQ-9 hakuna swali linalouliza hivyo. Zimbabwe walianza upande wa pili. Miaka ya tisini Vikram Patel na wenzake walikusanya Harare maneno ambayo wagonjwa, waganga na wahudumu hutumia wenyewe, likiwamo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Wakapata hojaji ya maswali 14 ya Kishona. Kipimo hicho ndicho kilichotumiwa baadaye katika Benchi la Urafiki la Dixon Chibanda, ambako mabibi wa mtaani waliopewa mafunzo huketi na wenye shida, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016 baada ya jaribio lenye kundi la kulinganisha. Ilikuwa kazi ya watu wachache na fedha za kiasi. Kwa hiyo anayesema nchi maskini haiwezi kumudu vipimo vyake ana mfano huu wa kuujibu.

Lakini gharama ni kweli, na si haki kumdai kila mtafiti sampuli ya taifa. Mwenye jaribio la kutafuta kisababishi hahitaji kuwapata watu kwa nasibu ili ajifunze kitu. Anahitaji kuwagawa kwa nasibu. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walitumia watoto 28 tu katika jaribio maarufu la pipi, ambamo mtoto akisubiri bila kula hupata ya pili. Waliowahi kudanganywa na mtu mzima dakika chache kabla walisubiri kama dakika tatu; waliotimiziwa ahadi walisubiri kama dakika 12. Watoto 28 walitosha kuonyesha kuwa kusubiri hutegemea imani. Hawakutosha, wala watafiti hawakudai, kusema watoto wa dunia husubiri kiasi gani. Kosa lilikuwa la wale waliochukua matokeo ya Walter Mischel, mwanzilishi wa jaribio hilo, kutoka shule ya awali ya chuo kikuu cha Stanford, ambako wengi walikuwa watoto wa wasomi, wakayageuza kuwa utabiri wa maisha ya kila mtoto. Tyler Watts na wenzake waliporudia mwaka 2018 kwa watoto zaidi ya 900 wa familia mchanganyiko, uhusiano ulipungua kwa nusu, na ukapungua tena kwa theluthi mbili walipozingatia familia, uwezo wa awali wa mtoto na hali ya nyumbani. Na watoto wa Wanso wa Kameruni, katika utafiti wa mwaka 2017, walisubiri kwa wingi zaidi kuliko wa Ujerumani, bila kuhangaika wala kulialia.

Hata kipimo kilichotengenezwa kwa watu sahihi, mahali sahihi, huzeeka, kwa kuwa viwango vya kulinganishia ni picha ya watu wa mwaka fulani. Embu, Kenya, watoto wa shule walipimwa kwa kipimo cha akili cha michoro ya Raven mwaka 1984, na wengine wa eneo lile lile mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilipanda sana, na watafiti walitaja lishe bora, wazazi waliosoma zaidi na familia zilizopungua ukubwa. Mtoto wa kawaida wa mwaka 1998 angeonekana mwerevu wa ajabu kwa jedwali la 1984, na mtoto aliyehitaji msaada angeonekana hana shida yoyote, akaachwa. Watoto wale wa 1998 sasa wana watoto wao shuleni, na jedwali la wazazi haliwezi kuwasomea.